Dawa ya kuoshea kuta ipite njia gani hadi ifike ukutani?

Swali: "Nina mashine ya kuoshea magari ya bar 150, na siku hizi nimeanza kuitwa kuosha nyumba hapa Arusha. Nimepata kazi ya nyumba ya ghorofa moja huko Njiro. Kuta zimepakwa rangi ya maji, upande ulio chini ya miti umegeuka mweusi na kijani tangu masika, na paa ni la bati la rangi. Fundi mmoja ananiambia nitie Jik kwenye kikopo cha sabuni cha mashine nipulize moja kwa moja. Mwingine anasema nitumie bomba la mgongoni, lile la kupulizia kahawa. Wa tatu anasema bila pampu ya betri sifiki popote. Mwenye nyumba anakinga maji ya mvua kwenye tanki na ana bustani anayoipenda sana. Nichague njia ipi? Na je, niongeze asidi kidogo ili dawa iwe kali?"

Jibu: Ndugu msomaji, naomba nianzie mwishoni mwa swali lako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Usiongeze asidi, hata kidogo. Jik na dawa nyingine za aina yake zina hipokloriti ya sodiamu, na hipokloriti ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na ambayo katika kona ya ukuta isiyo na upepo inaweza kumwangusha mtu kabla hajajua kilichompata. Haijalishi kama ni asidi ya betri, dawa ya kusafishia choo au siki ya jikoni. Amonia nayo isikaribie, kwa maana mchanganyiko wake na hipokloriti hutoa gesi nyingine za sumu. Kumbuka pia kwamba vitu hivi vinaweza kukutana bila wewe kukusudia: ndoo iliyobeba asidi jana, ikatiwa Jik leo bila kusuuzwa, inatosha kuleta balaa.

Sasa turudi kwenye njia tatu ulizotajiwa. Mafundi wako wote watatu wanazungumzia vifaa, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyekuuliza mambo mawili ambayo ndiyo yanayoamua: dawa itakayofika ukutani itakuwa na nguvu kiasi gani, na baada ya kufika ukutani itatiririkia wapi. Ukiyajua hayo mawili, kifaa kinajichagua chenyewe.

Kuna dhana moja ambayo sina budi kuiondoa kwanza, nayo ni kwamba presha ndiyo inayosafisha. Kwa tope kwenye tairi la gari, ni kweli. Kwa weusi wa ukutani, hapana. Weusi ule na ule ukijani ni viumbe hai, yaani kuvu na mwani, ambavyo hujishikiza kwenye vitundu vidogo vya rangi na plasta na kustawi pale penye kivuli na unyevu, jambo ambalo Arusha haikosi, maana masika yakiisha huja zile asubuhi za ukungu za Juni na Julai ambazo ukuta ulio chini ya miti haukauki hadi adhuhuri. Ukiupiga ukuta wa namna hiyo kwa bar 150 kutoka karibu, utaondoa sehemu ya juu ya ukoga, utabandua rangi kwa mistari itakayoonekana kila jua linapoupiga ukuta kwa upande, na utasukuma maji kupitia nyufa nyembamba za plasta hadi ndani ya nyumba. Kilichobaki kwenye vitundu kitachipua tena mvua zijazo, na mwenye nyumba atakupigia simu. Dawa, kwa upande wake, huingia kwenye vitundu hivyo, hukiunguza kiumbe chenyewe na kuondoa rangi yake, na mashine inabaki na kazi ya kusuuza tu, kwa nozeli pana na kutoka umbali ambao ukiweka mkono wako mbele ya maji hayo hausikii maumivu.

Nguvu inayohitajika si kubwa kama watu wanavyodhani. Kwa ukuta uliopakwa rangi, hipokloriti ya asilimia 0.5 hadi 1 inatosha kwa hali nyingi. Ukienda juu zaidi hufanyi kazi haraka kwa kiwango kinacholingana na hatari. Unachoongeza ni uwezekano wa kufifisha rangi, kuunguza maua na kutia madoa fremu za madirisha ya aluminiamu. Jik ya dukani huwa na asilimia kati ya 3.5 na 5 hivi, na lebo ndiyo ya kuaminiwa kuliko maneno ya muuzaji. Wauzaji wa kemikali za viwandani na za mabwawa ya kuogelea huuza ile ya maji ya asilimia 10 hadi 12, ambayo ni kali kweli na hupungua nguvu ikikaa juani au kwenye stoo yenye joto, kwa hiyo dumu lililokaa miezi kadhaa si lile ulilonunua. Ipo pia klorini ya unga, hipokloriti ya kalsiamu, ambayo mara nyingi huwa ya asilimia 65 au 70. Hii ni rahisi kubeba, lakini huacha mabaki meupe yanayoziba nozeli, hivyo sharti iachwe itulie kisha ichujwe. Wakati wa kuchanganya, tia unga kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga, na usiuache unga mkavu ukutane na sabuni, mafuta au matambara, kwa kuwa unaweza kushika moto wenyewe.

Tukijua hayo, tuangalie kikopo cha sabuni cha mashine yako. Mashine huvuta sabuni kwa namna mbili. Zipo zinazoivuta kabla ya pampu, ikapita ndani ya pampu yenyewe, na hapo hipokloriti hula sili, vali na vyuma mpaka siku moja mashine inaanza kuvuja na kupoteza presha. Kama yako ni ya namna hiyo, basi suala limekwisha, usiipitishie dawa hii kabisa. Nyingine huivuta baada ya pampu, kwa injekta: maji yanapopita kwa kasi kwenye tundu jembamba, huacha upungufu wa presha unaofyonza dawa kutoka kwenye chombo. Injekta hii hufanya kazi pale tu unapofunga nozeli pana ya presha ndogo. Ukifunga nozeli nyembamba haifyonzi kitu, na wapo watu ambao wamepuliza maji matupu asubuhi nzima huku wakidhani dawa imekataa.

Tatizo kubwa la injekta ni kuzimua. Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, uijaze maji ya kawaida, utumbukize mpira wa kufyonzea ndani yake. Washa mashine ikiwa na mpira wake wote na nozeli ile ile utakayofanyia kazi, puliza ndani ya ndoo ya lita 20 hadi chupa iishe, kisha tazama ndoo imefika wapi. Tuseme imejaa lita 20 kamili. Maana yake kila lita moja ya dawa inatoka ikiwa imegeuka lita 13 na kidogo. Ukiweka Jik ya asilimia 3.5 bila kuizimua hata tone, kitakachofika ukutani ni asilimia 0.26, ambayo itasafisha vumbi na ukijani mwepesi lakini ule weusi wa chini ya miti itaupita kama mgeni asiyebisha hodi. Ukiweka ile ya asilimia 12, ukutani itafika karibu asilimia 0.9, na hiyo ni nguvu inayofaa kabisa. Kwa hiyo fundi wako wa kwanza si mwongo: njia yake ni ya haraka, inafika juu bila ngazi, na wanaoosha nyumba nyingi kwa siku huipenda kwa sababu hiyo, ila inadai dawa kali ambayo Jik siyo. Unavyorefusha mpira wa presha ndivyo injekta inavyozidi kufyonza kidogo, kwa hiyo rudia kipimo kila unapoongeza mpira.

Vivyo hivyo kwa ile bunduki ya povu inayotumika kuoshea magari. Povu zito linapendeza mbele ya mteja, na ni kweli linashika ukutani kwa muda mrefu kuliko maji, lakini wingi wa povu unaonyesha sabuni, hauonyeshi dawa. Kuna pia nozeli zinazofyonzea dawa mwishoni kabisa, mbele ya bunduki, ambazo hazizimui sana na haziipitishi dawa kwenye mpira wala kwenye pampu. Ukizipata ni nzuri, mradi uwe tayari kutembea na ndoo ya dawa kuzunguka nyumba nzima.

Bomba la mgongoni ndilo ninalokushauri uanze nalo kwa ukuta wa chini, na sababu yake ni moja: unachochanganya ndicho kinachofika. Bomba la lita 16 linapata asilimia 1 kwa lita 4.5 za Jik ya asilimia 3.5 na lita 11.5 za maji, au lita 1.3 tu za dawa ya asilimia 12, au gramu 250 za unga wa asilimia 65. Ukitaka nusu ya nguvu hiyo, weka nusu ya dawa. Ongeza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kiasi cha vijiko vitatu au vinne vya chakula, ili dawa isiteleze na kumwagika chini bali iushike ukuta, na uhakikishe lebo ya sabuni hiyo haitaji asidi wala amonia. Presha ya bomba ni ndogo, matone yake unayaongoza mwenyewe, na bei yake haikutishi.

Lakini bomba hilo liwe jipya, na liwe la kazi hii peke yake. Hili la kuazima bomba la kahawa kwa jirani nalikataa kabisa. Mabaki ya kiuamagugu yataunguza bustani ya mteja wako, na hipokloriti ikikutana na mabaki ya baadhi ya viuatilifu inaweza kuvigeuza kuwa sumu kali zaidi. Halafu mwenye kahawa naye hatakushukuru ukimrudishia bomba ambalo sili zake zimeliwa. Andika juu yake kwa rangi ya mafuta DAWA YA KUTA, na kila jioni lisuuze kwa maji safi ukipulizia hadi kwenye mkuki, yaani fimbo ya kupulizia, kwa kuwa dawa inayolala ndani ndiyo inayoua bomba.

Udhaifu wa bomba unaonekana ghorofani. Lita 16 ni kilo 16 na zaidi mgongoni, na mtu mwenye uzito huo nyuma yake, miwani machoni na mkono mmoja kwenye mpini, hana kazi juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta uliolowa sabuni. Sisemi hivyo kwa kukutisha. Katika kazi hii, ngazi huumiza kama dawa inavyoumiza. Kwa ghorofa ya juu, ama utumie mkuki mrefu ukiwa umesimama chini au barazani, ama ukubaliane na fundi wa tatu.

Pampu ya betri ya volti 12, inayofyonza kutoka kwenye dumu na kusukuma kwa mpira mrefu, huunganisha mema ya njia zote mbili: nguvu ya dawa unaijua, na ukifunga nozeli ya mshale, inayorusha dawa kwa mstari mmoja, inafika ghorofani ukiwa umesimama chini. Gharama yake si pampu peke yake. Kuna betri, mpira, viungio vya plastiki visivyoliwa na dawa, na sili za ziada, kwa sababu hipokloriti itazila tu hata ukizitunza. Kwa nyumba moja kwa mwezi, sioni haja ya kuinunua. Kazi zikianza kufuatana na nyingi zikawa za ghorofa, inunue, na ile injekta uibakize kwa sabuni ya kawaida na kuta zenye vumbi tu. Kwa nyumba hii ya Njiro, kama mkuki mrefu hautoshi kwa juu, kukodi kwa fundi aliye nayo kwa siku moja ni busara kuliko kununua kwa pupa.

Suala la pili, la dawa inatiririkia wapi, ndilo litakalokutofautisha na mwosha magari aliyebadili kibao. Tanki la maji ya mvua ndilo la kwanza kushughulikiwa. Kabla hujapuliza chochote kilicho juu ya gata, ondoa bomba linaloshuka tankini au uligeuze limwage nje, na uliache hivyo hadi paa na gata zisuuzwe kabisa na mvua ya kwanza inayofuata imwagike nje pia. Mwambie mwenye nyumba kwa mdomo, umwonyeshe kwa kidole, maana wewe utaondoka na yeye ndiye atakayekunywa maji yale.

Bustani ilowe maji mengi kabla hujaanza, iloweshwe tena wakati unafanya kazi, na mwisho isuuzwe. Udongo na majani yaliyokwisha kunywa maji safi hayafyonzi dawa nyingi. Usiifunike mimea kwa nailoni na kuiacha juani, itachemka. Kama uko upande wa Moshi, kwenye vihamba vya mteremkoni, tazama pia kama kuna mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unaopita nyuma ya nyumba: maji yenye dawa yasiingie humo, kwa kuwa huko chini kuna anayenywesha ng'ombe au kumwagilia mboga. Zuia kwa udongo, elekeza maji kwenye nyasi zilizoloweshwa. Kuku wafungiwe. Na kabla ya kupuliza, inua macho uone upepo unaelekea wapi na jirani ameanika nini, kwa sababu tone moja la hipokloriti kwenye kanga mpya litakugharimu kuliko ulicholipwa.

Paa la bati la rangi usilitibu kama ukuta. Hipokloriti hushambulia zinki na aluminiamu, na ingawa rangi hulinda bati, kingo zilizokatwa, matundu ya misumari na mikwaruzo hazina ulinzi huo. Kama kuna ukoga kidogo, tumia nusu ya nguvu, usiache ikauke, na usuuze kwa maji mengi kutoka juu kuelekea chini, ili maji yasipenye chini ya maungio ya bati. Usikanyage bati lililolowa sabuni. Kama ungekuwa na vigae vyenye kuvumwani, yaani kuvu na mwani vilivyoota pamoja, ningekujibu tofauti, kwa sababu hivyo huhitaji dawa kali zaidi na mikono yenye uzoefu. Na likiwa paa la zamani la karatasi ngumu za saruji za kijivu, simamisha kila kitu: huenda zina asbesto, na kuzipiga kwa presha au kuzisugua hurusha nyuzi ambazo zikiingia mapafuni hazitoki.

Yapo pia madoa ambayo hipokloriti haiyawezi hata ukiipuliza kwa njia gani, na ni vyema uyatambue kabla ya kupatana bei. Wekundu ulio sehemu ya chini ya ukuta, pale mvua inaporusha udongo, ni madini ya chuma; vumbi lake litatoka kwa sabuni na brashi, na kilichoingia ndani ya rangi kinaondolewa kwa dawa nyingine, siku nyingine, baada ya hipokloriti yote kusuuzwa. Ule unga mweupe unaochomoza chini ya ukuta ni chumvi inayobebwa na unyevu kutoka ardhini, na kuuosha ni kuupa unyevu zaidi. Mwisho, pitisha kiganja chako kwenye ukuta mkavu. Kikitoka na rangi kama chokaa, rangi ile imechoka, na mteja aambiwe mapema kwamba baada ya kuoshwa ukuta utadai rangi mpya.

Kazi yenyewe siku hiyo ianze asubuhi, ukuta ukiwa wa baridi. Mita ya LUKU, taa na soketi za nje zifunikwe, na umeme wa upande huo uzimwe. Jaribu kwanza kipande cha mita moja mahali pasipoonekana, usubiri kikauke uone rangi imesemaje. Kisha puliza kutoka chini kwenda juu, ili dawa isichore michirizi kwenye ukuta mkavu, iache dakika 5 hadi 10 bila kukauka, na usuuze kutoka juu kwenda chini, madirisha na vyuma kwanza. Sehemu iliyobaki na kivuli cheusi irudie kwa dawa, si kwa presha. Vaa miwani iliyofunika pembeni, glovu za mpira, buti na nguo ambazo huzihurumii. Dawa ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Kikohozi na kubanwa kifua baada ya kuvuta harufu kali navyo visingojwe mpaka kesho.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Ukiona rangi imefura malengelenge, au weusi ule ule uko upande wa ndani wa ukuta, au ufa unaoingia kucha, mwite fundi ujenzi auone kabla hujamwaga maji, kwa sababu huenda gata, bomba au msingi ndio unaolisha ukoga huo. Soketi ya nje iliyovunjika ni ya fundi umeme. Na kama ukuta wa juu haufikiki bila kusimama mahali usipopaamini, mpe mteja bei ya ukuta wa chini peke yake, umwelekeze kwa mwenye jukwaa la kazi za juu.